Kwenda Spiti: ingilia Kinnaur, tokea Manali

Njia za gari za kuingia bonde la Spiti ni mbili. Bonde lenyewe liko kaskazini mwa India, jimbo la Himachal Pradesh, limejibana kati ya milima mikavu mpakani na Tibet. Njia ya kwanza inatoka Manali. Ni fupi, kama kilomita 200 tu, na ndiyo ambayo wakala wa Delhi atakuuzia kabla hujamaliza kikombe chake cha chai. Ya pili inazunguka kupitia Shimla na wilaya ya Kinnaur na inakula siku nne au tano. Mimi nakuomba uingie kwa hiyo ndefu, na ile fupi uitumie kutokea.

Sababu ni hewa. Manali iko mita 2,050 juu ya usawa wa bahari. Ukiondoka hapo alfajiri, unapita kwenye mlango wa mlima wa Kunzum, mita 4,551, na usiku unalala Kaza, mji mkubwa wa Spiti, karibu mita 3,700. Waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu watanielewa haraka: Kaza ni sawa na Horombo, kambi ya pili. Sasa chukua mtu aliyefika getini asubuhi, mpandishe moja kwa moja hadi karibu na Kibo, kambi ya mwisho, kisha mrudishe alale Horombo usiku huohuo, na Mandara, kambi ya kwanza, hajalala. Mpagazi yeyote wa Moshi atakuambia huyo usiku hatalala, atatapika. Lakini kila siku ya kiangazi magari yanawafanyia watu hivyohivyo kutoka Manali, na wao wanalipa.

Kwa Kinnaur unapanda kidogokidogo: Shimla mita 2,200, Kalpa 2,960, Tabo 3,280, ndipo Kaza. Ile "pole pole" ya Kilimanjaro hapa inafanywa na gari badala ya miguu.

Kwanza chagua mwezi

Njia zote mbili huwa wazi kwa uhakika kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzo wa Oktoba. Kabla na baada ya hapo Kunzum hufungwa na theluji, na mpango wa kutokea Manali unakufa. Julai na Agosti ni msimu wa mvua kubwa za India. Spiti yenyewe mvua haiifiki sana, milima inaikinga, ila barabara za kwenda huko ndizo zinazopigwa: udongo unaporomoka Kinnaur, mawe yanadondoka, magari yanapanga foleni yakisubiri greda. Ukiwa na likizo ya Agosti tu, nenda, ila ongeza siku tatu za akiba.

Mimi nachagua Septemba. Mvua imekwisha, Kinnaur wanavuna matufaha, mashamba ya shayiri ya Spiti yamegeuka rangi ya dhahabu, na usiku baridi bado inavumilika. Wakati wa majira ya baridi nyuzijoto hushuka hadi 25 chini ya sifuri na zaidi, mabomba ya maji yanaganda, na wageni wachache wanaobaki wamefuata chui wa theluji karibu na kijiji cha Kibber. Hiyo ni safari nyingine, usiichanganye na hii.

Karatasi

Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanaweza kuomba viza ya kielektroniki ya utalii. Ombea kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, ambayo anwani yake inaishia na gov.in. Zipo tovuti nyingi zinazofanana nayo kwa sura, na kazi yake ni kukutoza mara mbili.

Usisahau kadi ya njano. India ni wakali sana kwa chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka au waliopitia nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika, la sivyo unaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Hata kama nchi yako haimo kwenye orodha, ukibadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa maswali yanaweza kuja. Kadi haina uzito, ibebe.

Karatasi ya tatu ndiyo inayowakwamisha watu. Asiye raia wa India anahitaji kibali maalumu cha kupita Kinnaur ya juu kuingia Spiti, kwa kuwa barabara inasogea karibu mno na mpaka wa China. Kibali hutolewa Shimla, Kaza, na Reckong Peo, mji wa wilaya ya Kinnaur ambao kila mtu anauita Peo tu. Wengi hukichukulia Peo. Mambo ya kujua ni haya:

- Fika Peo siku ya kazi, na fika asubuhi. Ukifika Ijumaa jioni umejipa mapumziko ya lazima hadi Jumatatu.
- Beba nakala za pasipoti na za viza, na picha ndogo za pasipoti. Wakala wa karibu na ofisi atakujazia fomu kwa ada.
- Utaratibu unapendelea watu wawili au zaidi. Ukiwa peke yako, mwambie wakala mapema akuunganishe na wengine.
- Ukishakipata, kitoe nakala kama kumi. Kwenye vizuizi vya polisi, Jangi na Sumdo kwa mfano, hubaki na nakala, na huko hakuna duka la fotokopi.

Anayeingia na kutoka kwa Manali hahitaji kibali hiki. Hiyo ni sababu nyingine ya mawakala kuipenda njia fupi.

Mwili wako, kabla ya begi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo mingi ya Spiti imeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya au Wahindi wa mijini, na kuna jambo letu hawaligusi: selimundu.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande Spiti. Hewa pungufu hugeuza chembe zake za damu kuwa mundu, na maumivu yatakayofuata yatamkuta mbali na hospitali kubwa kwa siku nzima ya barabara. Lakini hata yule anayebeba nusu tu, yaani aliyerithi kwa mzazi mmoja, ambaye nyumbani hajawahi kuumwa chochote na pengine hajui kama anabeba, anaweza kupata shida ya bandama kwenye mwinuko. Dalili yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Kwa watu wa kanda ya Ziwa na wa pwani hili si jambo la nadra. Kipimo cha damu ni cha siku moja. Pima kabla ya kulipia tiketi, ukikuta unabeba zungumza na daktari, na ukipanda mwambie mwenzako wa safari ajue.

La pili ni malaria. Sisi kichwa kikiuma tunasema malaria, ndivyo tulivyolelewa. Ukiwa Kaza, kichwa kinachouma bila homa, pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa kukatikakatika, ni mwinuko mpaka ithibitike vingine. Usimeze dawa mseto uliyoibeba toka nyumbani ukajiona umejitibu. Lakini homa kali ikipanda ndani ya wiki chache tangu utoke Afrika Mashariki, hapo mwambie daktari wazi umetoka wapi na umwombe apime malaria. Daktari wa milimani hataifikiria mwenyewe.

Dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ni asetazolamaidi, ambayo waongozaji wa Kilimanjaro wanaiita Diamox. Kipimo cha kawaida cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ukiwa na mzio wa dawa za salfa muulize daktari kwanza. Itakukojoza sana, vidole vitawashawasha kama vimefa ganzi, na soda itaonja vibaya, kama imekaa wazi siku mbili. Usishtuke, ndiyo kazi yake. Kwa njia ya Kinnaur wengi hawaihitaji. Kwa njia ya Manali ningeimeza bila kubishana.

Kanuni ni chache. Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala usipandishe zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma, baki hapohapo mpaka kitulie. Mtu akianza kuyumba, mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa kama mlevi, au akihema akiwa amekaa tu, au akikohoa povu, msisubiri asubuhi: ashuke. Na kutoka Kaza kushuka ni kuelekea Tabo na Kinnaur. Kunzum si njia ya kushukia, maana kwanza itampandisha mgonjwa karibu mita 900. Kaza ina hospitali ndogo ya serikali yenye oksijeni, anzieni hapo.

Begi

Usinunue koti la mlimani jipya. Nenda Memorial pale Moshi, au Gikomba ukiwa Nairobi, siku ya kufunguliwa mabelo, utafute koti la manyoya ya bata. Libinye mkononi kisha uliachie: likifumuka lenyewe ni zima, likibaki limejikunja manyoya yamekufa. Angalia zipu. Chini yake vaa sweta, na chini ya sweta nguo za kubana za mikono mirefu. Spiti mchana jua linachoma mpaka unavua koti, na likizama nyuma ya mlima baridi inakuja ghafla, kama mtu amefungua friji.

Kitambaa cha kuziba pua na mdomo ni cha lazima, vumbi la huko ni laini kama unga wa sembe. Miwani ya jua pia, na mafuta ya midomo. Wale wanaosema ngozi nyeusi haiungui hawajakaa mita 4,000 siku nzima juu ya lori. Tochi ya kichwani utaihitaji kwa choo cha usiku, habari yake inakuja. Chupa moja iwe ya chuma: jioni wenyeji watakujazia maji ya moto, utailalia miguuni, na asubuhi utayanywa yakiwa ya uvuguvugu.

Pesa

Neno letu pesa lilitoka kwao, na laki pia, kwa hiyo bei za makubwa utazielewa bila kufundishwa. Badilisha dola Delhi. Kaza kuna mashine za benki, lakini kuwa na mashine na kuwa na noti ndani yake ni mambo mawili. Wahindi wenyewe wanalipa kila kitu kwa simu, hata chai ya njiani, na mgeni asiye na akaunti ya huko anabaki na noti zake. Beba ndogondogo, za 100 na 200, maana noti ya 500 kijijini haina chenji. Kulala nyumbani kwa watu, pamoja na chakula cha jioni na cha asubuhi, tarajia kati ya rupia 1,000 na 2,000 kwa mtu.

Mtandao wa simu upo Kaza na unakatika ukitaka kuutegemea. Waage wa nyumbani ukiwa Peo, uwaambie kimya cha siku tatu kisiwatie hofu.

Siku za barabarani

Kutoka Delhi hadi Shimla kuna mabasi ya usiku kutoka stendi ya Kashmere Gate. Ukiwa na siku ya ziada, panda treni hadi Kalka, uhamie treni ndogo ya mlimani: kilomita 96, mahandaki zaidi ya 100, ilianza kazi 1903. Mwaka 1901 vibarua waliotoka India walikuwa wameshaifikisha reli ya Mombasa kwenye ziwa. Ukikaa dirishani na treni ikapiga kona, utaona mawe yaliyopangwa kwa mikono ileile.

Lala Shimla usiku mmoja. Siku inayofuata basi la serikali linafuata mto Satluj hadi Peo, karibu siku nzima. Ukifika Peo usilale mjini, panda teksi hadi Kalpa, juu kidogo tu, ukae usiku mbili. Moja ni ya kibali, nyingine ya mapafu. Amka kabla ya jua. Ng'ambo ya bonde kuna Kinner Kailash, mita 6,050, na mwanga unaanza nchani kisha unashuka taratibu hadi ukute paa za mbao za kijiji. Tufaha la Kinnaur lichukue kwa mkulima mwenyewe, utaona hata lile la Njombe lina mpinzani.

Basi la Peo kwenda Kaza huondoka alfajiri, kwa hiyo ukate tiketi mapema. Usiende nalo hadi mwisho. Masaa machache mbele, pale Khab, mto Spiti unaingia Satluj, na hapo ndipo nchi inapobadilika: miti inakwisha, kijani kinakwisha, linabaki jiwe tu la kahawia, zambarau na kijivu, na mto katikati kama uzi. Barabara imechongwa ndani ya mwamba, juu yako kuna jiwe na chini yako kuna mto. Dereva atakuwa anapiga honi kila kona, nawe utajikuta unamshukuru kwa kila honi.

Nako, kama mita 3,600, ina ziwa dogo lililozungukwa na mierebi. Shuka, kunywa chai, lakini kulala nenda Tabo iliyo chini zaidi. Wenye gari la kukodi waingie Gue, kijiji kilicho pembeni kidogo baada ya Sumdo. Kuna maiti ya mtawa wa Kibudha aliyekaukia amekaa, miaka kama 500 sasa, nywele na meno bado yapo. Tetemeko la 1975 ndilo lililofumua kaburi lake. Amewekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya kioo, na wanakijiji humtembelea kama mzee wao.

Tabo kwa nje haina lolote. Ni majengo ya udongo, marefu ya mtu na nusu, yamepakwa udongo huohuo. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani dereva amekosea. Lakini nyumba hii ya watawa ilianzishwa mwaka 996 na haijaachwa tangu hapo. Unavua viatu, unainama mlangoni, na kwa dakika nzima huoni kitu. Kisha macho yanazoea: ukuta mzima una sanamu za udongo za ukubwa wa mtu, zimetokeza kana kwamba zinaelea, na chini yake michoro ya rangi iliyokaa gizani miaka elfu. Hakuna umeme wa kumulika kuta, na picha haziruhusiwi. Uliza kama unaweza kutumia tochi, na ukiruhusiwa imulike kidogokidogo. Nilikaa saa nzima peke yangu na mtawa mmoja aliyekuwa akihesabu shanga na kupiga miayo.

Kesho yake, njiani kwenda Kaza, pandisha Dhankar. Nyumba zake zimesimama juu ya vichuguu vya udongo na mawe, mita 3,894, na chini mito Spiti na Pin inakutana ikijisuka mara kumi. Ziwa lililo juu yake liache kwa leo, kupanda mlima siku ya kwanza ya mwinuko huu ni kiherehere.

Kaza na vijiji vya juu

Siku ya kwanza Kaza usifanye kitu. Fua, kula, tembea sokoni. Siku ya pili nenda Key, nyumba kubwa ya watawa iliyorundikana juu ya kilima mita 4,166, kisha urudi kulala chini. Siku ya tatu ndipo Kibber, na daraja la Chicham lililofunguliwa 2017. Kabla ya hapo wanakijiji walivuka korongo hilo kwa kikapu kilichoning'inia kwenye waya, wakijivuta kwa kamba. Waya ule bado ulikuwepo pembeni nilipopita.

Basi ni chache, kwa hiyo watu hujichanga kwenye gari moja, kama michomoko yetu. Simama stendi ya Kaza saa moja asubuhi utawaona wenzako.

Siku ya nne ni ya Langza, Hikkim na Komic, vyote juu ya mita 4,300. Langza wakati mmoja ilikuwa sakafu ya bahari, kabla India haijagongana na Asia na kuipandisha mawinguni. Watoto watakuletea mawe yenye alama ya konokono wa bahari ndani yake. Yashike, yatazame, yarudishe. Kuyanunua ni kuwaambia wachimbe mengine.

Hikkim kuna posta, imefanya kazi tangu 1983, na ni miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani. Nilipofika ilikuwa chumba cha udongo, sanduku jekundu, kadi zikiuzwa duka la jirani. Nilipoandika anwani ya nyumbani, karani aliitazama akaniuliza mtaa uko wapi. Nikamweleza kwamba kwetu barua haiji nyumbani, inakaa kwenye sanduku lenye namba, na baba anakwenda na funguo. Akaisoma tena, S.L.P., Moshi, akacheka, akagonga muhuri. Ilifika wiki saba baadaye. Andika TANZANIA au KENYA kwa herufi kubwa na uipige mstari.

Nyumbani mwa watu

Lala vijijini angalau usiku mbili, kwa mfano Mud ndani ya bonde la Pin, si Kaza tu. Nyumba ni za udongo, zimepakwa chokaa nyeupe, na madirisha yamezungushiwa rangi nyeusi. Maisha yote yako jikoni, kuzunguka jiko la bati linalochomwa samadi kavu na kuni chache. Mama mwenye nyumba hutamwita kwa jina, sema *didi*, dada, au *ama-la*, mama, akiwa mtu mzima. Salamu ni *juley*: habari, asante na kwaheri vyote vimo humo.

Watakupa chai ya chumvi na siagi. Ukiionja ukisubiri chai utaitema. Ionje ukisubiri mchuzi, utaielewa. Watakupa pia *thukpa*, supu ya tambi nene, na *momo*, maandazi ya kuchemsha kwa mvuke yaliyojazwa. Chapati na dengu zipo kila mahali, hapo uko nyumbani. Kwa Waislamu: nyama ni ya mbuzi au kondoo na si rahisi kujua imechinjwaje, ila mboga, mayai na dengu hazikosekani. Momo uulize za nini kabla ya kuuma.

Choo. Vijijini ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni, hakuna maji, kuna rundo la udongo na koleo. Ukimaliza, teka koleo moja umwagie tundu, basi. Mchanganyiko ule unakuwa mbolea ya shamba la njegere. Sasa wageni wanadai vyoo vya kuvuta maji, na maji ya Spiti ni ya theluji inayoyeyuka, ambayo hupungua mwaka hadi mwaka. Usiwe wa kudai. Harufu ni kidogo kuliko vyoo vingi vya stendi ninavyovijua.

Kwenye kuta za sala na minara midogo ya sala, pita ukiziacha mkono wako wa kulia. Magurudumu ya sala yazungushe upande huohuo wa mshale wa saa. Usipige picha kambi za jeshi wala madaraja makubwa, mpaka uko karibu na askari hawana utani.

Kutoka

Sasa mwili umezoea, na ile njia niliyokukataza imekuwa rafiki. Ondoka Kaza saa kumi na moja alfajiri. Haraka si ya dereva, ni ya maji: barafu huyeyuka mchana, na vijito vinavyokatiza barabara kati ya Batal na Gramphu hujaa kuanzia saa nane hivi. Kijito kilichofika kifundoni asubuhi, jioni kinabeba gari. Tukiwa na gari la kukodi, dereva wetu alichelewa masaa matatu akitafuta tairi, na tulilala mahemani tukitazama maji yakipita mahali barabara ilipokuwa.

Baada ya kijiji cha Losar unapanda Kunzum. Dereva atazunguka hekalu la juu kwa gari mara moja kabla ya kuendelea, hata akiwa amechelewa. Mwache azunguke. Ukiwa na usiku mmoja wa ziada, kata kwenda ziwa la Chandratal, zaidi ya mita 4,200: kambi zimewekwa mbali na maji kwa amri, unatembea hadi ziwani jioni na tena alfajiri. Rangi inabadilika kati ya safari hizo mbili, kijani jioni, kioo asubuhi.

Kutoka Batal kwenda chini, usihesabu kilomita, hesabu masaa. Ni mawe, maji, mawe. Ghafla lami inarudi, na unaingia Atal, handaki la zaidi ya kilomita tisa lililofunguliwa Oktoba 2020. Unaingia milima ikiwa mikavu na kutoka upande wa pili kwenye misonobari na mvua.

Tiketi ya ndege isiwe ya siku mbili za kwanza baada ya Manali, poromoko moja la udongo linatosha kuifuta. Siku hizo zitumie Vashisht, juu ya mji, kwenye chemchemi ya maji ya moto. Na kabla ya kupeleka nguo kwa dobi, zikung'ute nje, upande ambao upepo hauji kwako.